Wale Wanaoweza Kungoja

Bukiriro, Jumapili mchana

Leokadia mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana ukiifungua barua hii utakuwa mbali na shikamoo yako sitaisikia. Shuleni mlifundishwa kuanza na "mimi ni mzima, sijui wewe." Wewe najua u mzima, nakusikia huko jikoni ukigombana na mama yako juu ya karanga. Yeye anataka ubebe debe zima kana kwamba jeshi halili, na wewe unasema lori litakataa. Zichukue tu. Mimi si mzima sana, lakini hilo si la kuandika kwenye barua. Au ndilo lenyewe. Tutaona.

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nimeshika jembe lenye mpini uliolegea ili yeyote atakayepita adhani nafanya kazi. Daftari hili ni lako, la kisomo, lile ulilotufundishia sisi wazee wa kijiji, ukanichapa rula kidoleni mbele ya mwenyekiti kwa sababu niliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Leo kuku anakuandikia. Makosa utakayoyakuta usiyasahihishe.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ujifunike usiku. Mama yako ameshasema mara tatu, na hospitali ya misheni imekufundisha miaka miwili. Mimi niliishia darasa la pili, mwalimu akasema natafuta ngoma, si shule. Juu ya dawa sina neno. Lakini huko unakokwenda, kwenye hospitali ya jeshi inayowafuata askari, mimi nimekaa wiki saba, na kuna jambo la huko nililowadanganya, wewe na mama yako. Nimengoja mpaka lori lako limebakiza siku moja ndipo nakuambia. Huo ndio ushujaa wa baba yako.

Nianze mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitakimbia.

Unajua kwetu baba hataniani na mwanawe. Utani ni wa babu na mjukuu, au wa mashemeji wakishaonja urwagwa, pombe ya ndizi. Baba akipita, mtoto anashusha sauti. Lakini baba yangu mimi alikwenda Buganda kulima kahawa za watu nikiwa bado sijaota meno, akapotelea huko. Nililelewa na babu. Kwa hiyo nilijua njia moja tu ya mwanamume kumpenda mtoto, nayo ni kumtania. Kaka yako Venansi alipoanza kusimama nikawa namwita mzee wa kanisa kwa jinsi alivyotembea ameshika kiuno. Alipoanza kusema, akanirudishia. Akiwa na miaka saba alinikuta nimelala juani akaniuliza, "Mzee, tukuzike hapa au kule kwenye kivuli?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Shangazi yako hakucheka. Alisema, "Unamchezea mtoto kama mjukuu wako. Siku moja atakuhitaji uwe baba na wewe hutajua." Nikamwambia arudi kwake akamgombeze mumewe.

Wewe hukuwa wa utani, ulikuwa wa kuuliza maswali. Nilikuogopa kidogo. Sasa unajua.

Jambo la pili ni la viwanja. Tulipohamishwa kutoka kule mlimani kuja hapa kijijini, nyumba zipangwe mstari kama wanafunzi, nilikuwa kwenye kamati ya kugawa. Unakumbuka tulivyopata kiwanja cha kwanza juu ya chemchemi? Hatukukipata kwa bahati. Nilijipa. Mjane mmoja mwenye watoto watano nikampa cha mwisho kabisa, kule kwenye mawe. Mkutano mzima ukanisimamisha. Mwenyekiti akasema, "Tazameni mjamaa huyu, ujamaa wake unaishia mlangoni kwake." Watu walicheka, na mimi, mwenye kuchekesha wengine, safari hii nikawa wa kuchekwa. Tukahamia kwenye mawe, mjane akapewa chemchemi. Mama yako aliteka maji mbali miaka yote hii kwa sababu yangu. Tangu siku ile niliapa kwamba mahali popote pa kugawa kitu, mtu wangu atakuwa wa mwisho. Nilidhani huko ndiko kutubu. Niliapa vibaya.

Sasa twende vitani.

Nduli alipovuka mpaka na orodha ya mgambo ikasomwa, jina la Venansi lilikuwamo, langu halikuwamo. Nikaenda hivyo hivyo. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe mzee utampiga nani?" Nikamwambia, "Nitaanza na wewe, kwa mazoezi." Wakacheka wakaniandika. Mama yako alifikiri nakwenda kumlinda mtoto. Na mimi nilifikiri hivyo. Lakini Biharamulo tukatenganishwa, vijana wakapelekwa mtoni na bunduki, mimi nikapewa machela.

Hospitali ilikuwa shule ya msingi, watoto wamefukuzwa vita ilipoanza. Madawati yaliunganishwa mawili mawili yakawa vitanda vya kupasulia. Ubaoni hesabu za darasa la nne zilikuwa bado hazijafutwa, na Kapteni daktari alikataa zifutwe. Alisema mwalimu atarudi aendelee pale pale. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nilimpenda. Chini yake kulikuwa na sajini wa matabibu, mtu mnene wa sauti ya ng'ombe, ndiye aliyenifundisha kazi. Malori yakifika, majeruhi wanashushwa uwanjani, na lazima mtu aamue haraka nani aingie ndani na nani apelekwe kwenye mikaratusi kungoja. Daktari ni mmoja na mikono yake ni miwili. Wa kuingia anafungwa kitambaa chekundu mkononi, kilichochanwa kwenye kanga ya mtu. Wa mikaratusi hafungwi kitu.

Sajini akaniambia, "Mzee, sikiliza. Anayepiga kelele ana pumzi. Mtazame aliyenyamaza."

Hiyo ilikuwa sheria yake, na ni nzuri, ishike. Mimi nikaongeza yangu. Nilipita kati yao nikiwatania, maana ndicho nilichojua. Aliyevunjika mguu nilimwambia sasa atakwepa jembe. Aliyeungua nyusi nikamuuliza alikuwa anapika nini. Wakacheka, wengine huku machozi yanatoka. Nikagundua kwamba anayecheka mara nyingi hafi leo. Sajini akagundua kwamba nimegundua. Ikawa akinipigia kelele kutoka mlangoni, "Mzee, huyo vipi?" namjibu, "Anacheka!" na yeye anasema, "Mtini!" yaani kwenye mikaratusi. Bila kushika mshipa, bila kufungua shati. Kazi ilikwenda haraka. Kapteni alinisifu mbele ya wote, na mimi wa darasa la pili nikajiona tabibu. Lala usingizi mbaya siku utakayosifiwa kwa kwenda haraka, mwanangu.

Ilikuwa mchana, jua kali kama la leo. Lori moja likaja na watu kumi na mmoja. Nilipanda kushusha, na wa nne alikuwa Venansi.

Alikuwa amekaa, hakulala. Mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini wote walikuwa hivyo kwa vumbi.

Akasema, "Shikamoo, mzee wa machela."

Nikasema, "Marahaba. Nani kakuruhusu kuja kulala mchana?"

"Nimekuja kukukagua. Nasikia unabeba watu kama mbuzi wa mnada."

"Mbuzi wa mnada hawana domo. Umeumia wapi?"

"Nimeng'atwa na kiroboto. Hapa." Akainua mkono kidogo. Palikuwa na tundu dogo kama punje ya hindi, na damu yenyewe haikuwa nyingi. "Kiroboto wa huko ana risasi, Mzee. Wetu ni wa ujamaa, wanagawana mtu taratibu."

Nilicheka, Leokadia. Nisamehe. Nilikuwa sijamwona wiki tatu, na moyo wangu ulikuwa umejaa furaha kwamba ni mzima, anasema, ananitukana. Nilimwona anacheka na mimi nikacheka.

Sajini akapiga kelele mlangoni, "Mzee, huyo vipi?"

Hapo ndipo. Kama ungeniuliza maisha yangu yote yako wapi, ningekuonyesha pale. Ulimi ulikuwa na maneno mawili, "ni mwanangu." Sikuyasema. Niliwaona wale wengine kumi, kila mmoja mtoto wa mtu, niliisikia sauti ya mwenyekiti juu ya mjamaa anayeishia mlangoni kwake, na nikaona jinsi watakavyonitazama nikimpitisha wangu mbele. Nikasema, "Anacheka."

"Mtini!"

Nikampeleka mwenyewe. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Nikamlaza chini ya mkaratusi wa tatu kutoka barabarani, nikamwambia asitoroke na muuguzi. Akasema, "Wauguzi wenyewe wana ndevu." Nikaenda kubeba wengine.

Nilipopita mara ya pili alikuwa amelala chali. Nilikuwa nimeshika machela ya mtu asiye na mkono, nina haraka. Akaniita, "Baba."

Tangu azaliwe hakuwahi kuniita Baba. Mzee, Mtukufu, Mwenyekiti wa Pombe, lakini si Baba. Akasema, "Baba, nasikia baridi. Nina kiu."

Na mimi nikamwambia, "Ngoja zamu yako. Hapa si jikoni kwa mama yako."

Akatabasamu. Nikapita.

Shangazi yako alishasema kwamba sitajua. Niliitwa Baba mara moja katika maisha ya mwanangu, na mimi nikadhani ni utani mpya.

Niliporudi mara ya tatu alikuwa bado anatabasamu, macho wazi, anatazama majani juu. Nikamwambia, "Haya simama, zamu yako imefika." Nikamwambia tena. Nikamtekenya shingoni kama alipokuwa mdogo. Nilidhani ananifanyia mchezo, naapa. Nilisema, "Venansi, acha utani," na sauti yangu ikawa kubwa mpaka Sajini akaja, akapiga magoti, akafungua lile shati ambalo mimi sikulifungua. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Damu yote ilikuwa imekwenda ndani, haikujisumbua kutoka nje tukaiona.

Kapteni alitoka na mikono yake inatiririka damu. Akauliza, "Huyu amefika saa ngapi?" Kisha akatazama ule uso, akatazama wangu, maana unajua tulivyofanana pua, na akaketi vumbini pale pale na gauni lake la kazi.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

Nikamuuliza mimi, "Ungempata mapema, angepona?"

Alifikiri kweli. Angeweza kunidanganya lakini alikuwa mtu wa kweli. Akasema, "Sijui."

Hiyo "sijui" ndiyo niliyorudi nayo Bukiriro. Angesema "asingepona," ningelala. Angesema "angepona," ningekata shauri jingine na wewe usingepata barua. "Sijui" ni kitu kibaya kuishi nacho, hakina upande wa kuegemea.

Nilimfumba macho mimi. Nilimwosha mimi na Sajini. Tukamzika pale nyuma ya shule na wenzake wawili, Sajini akasoma sala za Waislamu kwa mmoja, na za kwetu nikazisoma mimi, nilizozikumbuka. Nilikosea katikati, na nadhani Venansi angecheka.

Nilinyamaza siku tisa. Nilibeba tu. Siku ya kumi kijana mmoja wa Nyarubungo, amekatwa mguu, alinishika suruali akasema, "Mzee, wewe ndiye yule mchekeshaji? Mbona kwangu huchekeshi? Nakufa, eh?" Alikuwa anatetemeka kwa hofu. Ningefanya nini? Nikamwambia, "Hufi, unadaiwa viatu viwili na jeshi, utarudisha kimoja, wataanza kukutafuta." Akacheka, na kutetemeka kukapungua. Lakini mkono wangu ulikuwa tumboni kwake, na nilimfungua shati mpaka kifungo cha mwisho. Tangu siku ile mpaka mguu wangu ulipovimba nikarudishwa nyumbani, sikumtania mtu bila mkono kuwa tumboni kwake. Wawili niliwapata hivyo. Wanacheka, na tumbo gumu. Nikapiga kelele, "Huyu aingie, ni mwanangu!" Sajini alijua si kweli. Aliwafunga kitambaa.

Sasa mambo ya mama yako. Niliporudi nilimwambia kwamba Venansi alipigwa na bomu ng'ambo ya mto, hakuhisi kitu, mimi nilipata habari tu. Akauliza swali moja, na tangu siku ile haulizi jingine. "Nani alimfumba macho?" Nikasema, "Wenzake." Basi kila Jumapili, na leo pia, anapiga magoti kanisani anawaombea hao wenzake, Mungu awape watoto, awape uzee mwema. Mimi nimepiga magoti kando yake nasikia naombewa kwa jina la watu wasiokuwapo. Padre alipokuja msibani akasema Mungu alimchukua kwa sababu alimpenda. Nikamwambia, "Padre, wewe umefika miaka sabini, umemkosea nini?" Wewe ulinikasirikia siku ile, ukasema hata msibani sijui kunyamaza. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipiga.

Na watu wanaendelea kumwita Mama Venansi, kisimani, sokoni, kila siku, na anaitika.

Ulipokuja wiki jana na karatasi yako ya jeshi, ukasema wanahitaji wauguzi huko mbele na umekubali, mama yako aliingia ndani na mimi nikasema, "Angalau watapata mtu wa kuwachapa rula." Hukucheka. Ulinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ulikuwa unauliza kama nina jambo, na mimi nikaenda kulisha mbuzi ambaye alikuwa ameshakula.

Sikupi amri. Utakuwa na sajini wako na kapteni wako, na sijui kama kapteni wangu bado yuko hai. Ukikuta mtu anacheka, cheka naye, usimnyime, lakini fungua shati. Na siku ukimshusha mtu wako kwenye lori, hata kama ni kijana wa kijiji tu uliyewahi kumfundisha silabi, useme "huyu ni wangu" kwa sauti kubwa. Waache wakuone una upendeleo. Aibu ya mkutano inaisha, ya mtini haiishi, mimi nimezipima zote mbili.

Barua hii nitaikunja ndani ya gauni lako jeupe, chini ya karanga. Utakapoipata itakuwa jioni ya kesho au kesho kutwa. Na wakati huo mama yako atakuwa ameshajua ni nani aliyemfumba Venansi macho. Vumbi la lori likishatua nitamketisha pale pale barabarani nimwambie yote, na lile neno la jikoni kwake pia. Leo siwezi. Akijua leo hatakuachia uende, na majeruhi wale watakuhitaji. Akinifukuza nitalala kwa shangazi yako, nisikilize nilichostahili. Sijutii kwamba sasa siwezi kurudi nyuma, kwa kuwa wewe unajua. Ndiyo maana nimekuandikia kwanza wewe. Uliyenifundisha kuandika ndiye uliyenifunga.

Utakuwa umeshaniona asubuhi, pale njiapanda. Najijua. Nitamtania dereva kwamba mzigo huu urudishwe kama ulivyochukuliwa, bila tobo. Nitamuuliza askari wa nyuma kama bunduki yake inajua mbele ni wapi. Watu watacheka, lori zima, na wewe utaondoka unasema moyoni kwamba Baba yuko sawa, Baba anacheka.

Leokadia, mwanangu, usipite. Andika upesi, hata mstari mmoja. Rudi upesi ukiruhusiwa. Mimi ninayecheka pale barabarani, usinipeleke mtini na wale wanaoweza kungoja.

Baba yako,
Baba Venansi